Sahihi ya Mama Goodluck

Pale Bredäng, kitongoji cha Stockholm, ukimwita Paskalia "Mama Asteria" ataitika, atakuuliza habari za nyumbani mpaka uchoke kujibu, na ukiwa na bahati utaondoka na ndizi za maharage ndani ya kopo la aiskrimu. Ukimwita "Mama Goodluck" hatasikia. Mzee Cyprian, Mhaya mwenzake anayeendesha mabasi ya mji, aliwahi kujisahau nje ya kanisa baada ya misa ya Kiswahili. "Habari za siku, Mama Goodluck!" Mama akamtazama juu mpaka chini. "Huyo unayemsalimia hayupo hapa," akasema, na Cyprian wa watu akaanza kupapasa mifuko kama aliyepoteza funguo.

Ajabu ni kwamba Goodluck ndiye mtoto wake wa kwanza. Na kwetu mwanamke huitwa kwa jina la kifungua mimba wake. Kulikwepa jina hilo na kujiita kwa jina la mtoto wa pili, wakati wa kwanza yu hai na ana afya, ni kumzika mtu mchana kweupe. Paskalia alilijua hilo vizuri sana. Ndivyo alivyokusudia.

Msimlaumu kwanza. Mwaka 2010 Goodluck, akiwa tayari raia wa Marekani, alimchukua mama yake akamlelee watoto katika mji mmoja mdogo wa katikati ya nchi ile, mahali ambapo mahindi yanaanzia nyuma ya shule na hayaishi. Mumewe, mzee Vedasto, aligoma kwenda. Alibaki Bukoba na kahawa yake, akisema hawezi kuishi kwa watu wanaokula ndizi mbivu tu. Paskalia akakaa miaka minane. Mwaka wa sita akaapa, naye akawa raia, akaweka sahihi yake ndefu kwenye karatasi zote walizomwekea mbele: P. Kokugonza, jina la kwao, lenye mkia unaopinda chini ya herufi zote. Siku hiyohiyo wakamwandikisha kuwa mpiga kura, na sahihi ile ikahifadhiwa katika ofisi ya uchaguzi. Ikumbukeni.

Goodluck alipenda siasa kama wengine wanavyopenda mpira. Hakuwa mgombea wakati huo. Alikuwa anaendesha kampeni ya mtu mwingine, na wasiojua wataona hiyo ni kazi ndogo. Kule uchaguzi ni msimu mzima. Mgombea hupambana kwanza na watu wa chama chake mwenyewe, hadharani, wananchi wakipiga kura. Akitoka hapo na meno yake, ndipo anakabidhiwa wa chama kingine. Mtu wa kampeni ana orodha ya kila nyumba: nani amejiandikisha, nani hupiga kura, nani huahidi tu. Anazigonga nyumba hizo moja moja, mvua au jua, na wiki ya mwisho hali wala halali.

Katika wiki hiyo ya mwisho, Oktoba mwaka 2018, mzee Vedasto akafariki.

Goodluck alimshika mama yake mkono jikoni, machozi yakimtoka kweli, akasema, "Mama, zimebaki siku saba. Nikiondoka leo, kazi ya mwaka mzima inaanguka, na watu wote hawa walioniamini wanaanguka nayo. Uchaguzi haungoji."

"Na kaburi linangoja?"

Paskalia akasafiri Bukoba peke yake. Pale mgomba ulipofyekwa wakachimba kaburi; udongo wa kwanza, ambao ni wa mtoto wa kwanza wa kiume, ulitupwa na mtoto wa shemeji, na wanawake wakanong'onezana bila hata kujificha. Jioni ile alimpigia simu mwanawe. "Kuanzia leo usiniite mama. Na jina lako nimelivua." Yule mgombea wa Goodluck alishindwa vilevile, kwa kura nyingi tu. Paskalia hakurudi Marekani. Alipanda ndege na Asteria, bintiye muuguzi, wakaja Stockholm, akaanza kuwa Mama Asteria.

Hasira hasara, tunasema, halafu tunakasirika tu.

Miaka sita ikapita hivyo. Kisha Agosti 2024, wakati dunia nzima inazungumzia kiti cha rais, Asteria akaweka simu juu ya meza ya jikoni, sauti ikiwa wazi, mama yake akimenya ndizi. Goodluck alikuwa anagombea mwenyewe sasa, kiti kimoja katika bunge la jimbo lake. Mwezi wa Juni alikuwa amewashinda wenzake wa chama, na mabango yake madogo yalikuwa yamechomekwa kwenye majani mbele ya nyumba za watu: GOODLUCK, herufi nyeupe juu ya kijani. Alisema wenyeji wengi walidhani wanatakiwa heri tu. Kuna bibi aliyesimamisha gari akauliza ni heri ya nini. Asteria akacheka. Mama akaendelea kumenya.

"Najua unanisikia," Goodluck akasema, sauti ikawa nyingine. "Sikuombi kura. Nataka ujue tu. Tangu baridi ilipoisha nimegonga milango elfu nne. Kila mlango nasimama naogopa kidogo. Na kila mara nakumbuka kuna mmoja ambao sijaugonga miaka sita. Siku ile nilikosea. Nilipaswa kuwa Bukoba. Hakuna siku inayopita bila kulikumbuka."

Kisu kilisimama juu ya ndizi.

"Asteria," mama akasema, "mwambie huyo mtu nimesikia."

Basi. Lakini baada ya siku tatu, wakiwa katika treni wakitoka kununua dagaa, Paskalia akamuuliza bintiye, kana kwamba ni habari ya hali ya hewa, kama raia wa Marekani aliye Uswidi anaruhusiwa kupiga kura.

Anaruhusiwa. Kuna fomu. Asteria akaijaza kwenye kompyuta, mama amekaa kando na miwani yake.

"Hapa wanataka barua pepe."

"Acha wazi. Waandike barua ya kweli. Namba ya simu wape."

"Mama, kuna visanduku viwili. Kimoja, unaishi nje ila unakusudia kurudi. Cha pili, hujui kama utarudi."

"Vina tofauti gani?"

Asteria akasoma, akasoma tena. Jimbo lile humpa karatasi nzima ya kura yule tu anayekusudia kurudi. Asiyejua hupewa ya rais na ya wabunge wa taifa basi, na kiti cha Goodluck hakimo. Akamweleza.

Paskalia alikuwa na miaka sabini na tatu, ana kitanda chake, ana mjukuu, ana kanisa. Akachukua mwenyewe kile kipanya cha kompyuta, akaweka alama kwenye kisanduku cha kwanza. "Sisemi uongo kwenye karatasi za serikali," akasema, na Asteria akageuza uso dirishani asionekane analia.

Karatasi zilifika mwisho wa Septemba. Zikakaa juu ya jokofu wiki mbili na zaidi, maana moyo wa Paskalia ulikuwa bado una mambo yake. Jumapili moja mchana katikati ya Oktoba, Asteria akielekea zamu hospitalini, akamwambia mlangoni: "Mama, leo piga kura hiyo. Weka karatasi ndani, funga, halafu weka sahihi palipo na alama ya X. Kesho naipeleka posta."

Paskalia akabaki na Hanna, mjukuu wake wa miaka minane, mtoto wa Asteria, ambaye humsemesha kwa Kiswidi naye humjibu kwa Kiswahili, na hawajawahi kukosa kuelewana. Paskalia akapaka wino kiduara kilicho mbele ya jina la mwanawe, pole pole, asitoke nje ya mstari. Akafunga. Kisha akaigeuza bahasha, akakaa na kalamu hewani.

"Vad gör du, mormor?" Hanna akauliza. Unafanya nini, bibi?

"Natafuta jina langu."

Hanna akasoma juu ya bahasha, ambapo jina lilikuwa limeshapigwa chapa. "Men du heter ju Paskalia." Si unaitwa Paskalia!

"Hilo ni la serikali, mjukuu wangu."

Hapo ndipo Kiswahili kilipomponza. Sisi hatuna neno moja la kutia mkono na jingine la ukweli. Yote ni sahihi. Na bintiye alikuwa amemwambia aweke sahihi. Paskalia aliwaza: jina langu lililo sahihi ni lipi? Nimejiita la uongo miaka sita. Yeye amesema amekosea, ameyasema mbele ya dada yake, bila kuomba kitu. Mimi bado sijamjibu. Tena aliwahi kusikia mezani kwa Goodluck kwamba watu wa kampeni huletewa orodha ya waliokwisha kurudisha kura. Akili yake ya mzazi ikamwambia kwamba orodha ikiletwa, na bahasha huenda zikaletwa pamoja nayo, mwanawe aione yake.

Akaandika, kwa mkono wake wote, na mkia ukipinda chini ya herufi: Mama Goodluck.

Akaibusu bahasha. Kesho yake Asteria, katoka zamu na macho mazito, akaipeleka kwenye dirisha la posta ndani ya duka la vyakula bila kuigeuza.

Asubuhi ya Jumatano tarehe sita Novemba, kahawa ikiwa mezani, matokeo ya jimbo lile yalikuwa yanabadilika kila wakiangalia. Goodluck yuko mbele kwa tisini. Yuko nyuma kwa arobaini. Mpinzani wake alikuwa mwanamke muuza mbegu, anayejulikana na kila mkulima. Ilipofika mchana tofauti ilikuwa kura nne, na bado kuna bahasha za posta hazijafunguliwa. "Yangu imo humo," Paskalia akasema. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeficha zawadi.

Sasa sikilizeni. Uchaguzi ukikaribiana hivyo, kampeni haziendi kulala. Kila bahasha iliyo na kasoro ina muda wa siku chache mwenyewe aje arekebishe, na wao wanaita kuponya kura. Ofisi inapiga simu. Vijana wa kampeni nao wanapewa majina, wanapiga simu. Na Paskalia alianza kupigiwa.

Kumbe wiki hizo hizo, Bredäng nzima ilikuwa imetiwa hofu ya matapeli wa simu. Polisi walikuja mpaka kanisani. Léontine, jirani wa ghorofa ya tatu, Mkongo wa Bukavu ambaye dada yake alikuwa amechomolewa akiba yote, hakuwa na mahubiri mengine. "Maman Asteria, mutu akikuuliza numéro, akikuuliza siku ya kuzaliwa, kata! Usiongee naye hata kidogo. Ni bavoleurs, wezi hao!"

Simu ya kwanza ilikuwa ya mwanamke, Kiingereza cha haraka: kuna tatizo kwenye sahihi yako, naomba unithibitishie tarehe ya kuzaliwa na tarakimu nne za mwisho za namba yako ya hifadhi ya jamii. Paskalia akakata. Ya pili ilikuwa ya kijana mwenye sauti ya adabu, akasema habari ni ileile. Akamwambia, "Mwanangu, tafuta kazi ya halali," akakata. Ya tatu hata hakupokea.

Jumapili, Asteria akiwa zamu, akasimulia baada ya misa, na watu wakampigia makofi. Mzee Cyprian alisema wazee wote wangekuwa hivyo, matapeli wangekufa njaa. Paskalia akarudi nyumbani anatembea kama askari.

Muda wa kuponya ukaisha tarehe kumi na mbili. Zikahesabiwa zote zilizokubaliwa. Goodluck, elfu kumi na moja mia nne na sita. Muuza mbegu, elfu kumi na moja mia nne na sita.

Zilirudiwa kuhesabiwa, mashine na mikono. Sawa sawa tena. Sheria ya jimbo lile inasema wakilingana, kiti kinapigiwa kura ya bahati, majina mawili ndani ya bakuli. Nchi yenye mashine za kila aina inamalizia hapo.

Wiki ya kwanza ya Desemba ikaja barua ya kweli, kama alivyotaka. Ilikuwa imetumwa Novemba na kuzunguka inakojua yenyewe. Asteria aliifungua akiwa bado na koti, akasoma kimya, akakaa chini.

"Soma," mama akasema.

"Mama, uliweka sahihi gani kwenye bahasha?"

Paskalia akamwambia, kwa fahari kidogo. Kisha akauona uso wa bintiye.

Barua ilisema kwamba sahihi iliyo kwenye bahasha hailingani na iliyo katika kumbukumbu. Walijaribu kumpata kwa simu mara tatu. Kura haitahesabiwa.

Paskalia hakulia wakati ule. Aliuliza tu, "Moja?"

"Moja, Mama."

"Ningeandika Kokugonza, angekuwa amemshinda?"

Asteria akaikunja barua mara nne, na hilo likawa jibu. Mama akasimama atafute simu amwambie mwanawe kila kitu, na Asteria akamshika. "Subiri bakuli. Bahati ikimwangukia, tutamwambia tucheke wote. Tusimwongezee mzigo sasa." Wakasubiri siku nane. Paskalia alisali rozari mpaka Hanna akajua sehemu zake kwa Kiswahili. Usoni alizeeka. Akipewa chakula anasema ameshiba. Ndani yake alikuwa anajiambia jambo moja tu: yeye alimnyima baba yake udongo, mimi nikamnyima yeye kura, na nilidhani nampa.

Bakuli lilikuwa Ijumaa tarehe kumi na tatu, saa kumi jioni kwa saa za Stockholm, wakaliona kwenye kompyuta. Ilikuwa siku ya Mtakatifu Lucia, sikukuu ya taa ya Waswidi, na Hanna alikuwa bado na gauni lake jeupe la shuleni na taji la mishumaa ya betri. Afisa mmoja mzee akatia bakulini vikopo viwili vyenye majina, akakoroga, akachomoa kimoja, akafungua karatasi. Akasoma jina la muuza mbegu.

Goodluck alionekana kidogo pembeni, akimpa yule muuza mbegu mkono. Mwanaume anayeitwa Goodluck kakosa bahati, na kule hakuna hata mmoja aliyethubutu kufanya mzaha. Picha ikakatika.

Nusu saa baadaye simu ikalia. Paskalia akaipokea mwenyewe.

"Mwanangu," akasema, na hakungoja salamu. "Mimi ndiye niliyekuangusha. Kura yangu..."

"Najua, Mama."

Miaka sita alikuwa hajaitwa hivyo na sauti ile. Akashika ukingo wa meza.

"Orodha ya simu ilikuwa kwa vijana, sikuiona. Nilijua siku ya kurudia hesabu," Goodluck akasema. "Zile bahasha zilizokataliwa walizipanga mezani, moja moja, kando ya sahihi ya zamani. Zilikuwa thelathini na saba. Sisi wagombea tuliruhusiwa kutazama, si kugusa. Nikaona ule mkia, Mama. Kabla sijasoma nikajua ni wewe. Kisha nikasoma."

"Wakasemaje?"

"Nikawaambia huyu ni mama yangu. Afisa alikuwa mpole. Akasema anaamini, ila muda umepita na sahihi hailingani. Nikasema ni sahihi. Nikalisema kwa Kiswahili, mbele ya wanasheria wote, mara mbili. Ni sahihi. Hakuna aliyenielewa. Nikaomba niipige picha. Wakakataa. Nikaitazama mpaka walipoirudisha kwenye boksi."

"Waniletee basi. Ni yangu."

"Hairuhusiwi. Zinafungiwa miezi ishirini na miwili, halafu zinachanwa."

"Na kura ndani yake?"

"Haikufunguliwa, Mama. Wala haitafunguliwa."

Hapo ndipo Paskalia alipolia, kwa sauti, kama alivyolia Bukoba, na upande wa pili mwanawe mwenye miaka arobaini na nane akalia naye. Asteria akampeleka Hanna chumbani, taji likiwa bado linawaka. Ile bahasha ilibeba maneno pekee ambayo mama alimwandikia mwanawe kwa miaka sita, na itachanwa na mtu asiyejua Kiswahili.

Walipopungukiwa na machozi, Paskalia akajifuta kwa kanga. "Ile fomu ya kwanza," akauliza. "Ile ya visanduku. Nayo waliikataa?"

"Kisanduku gani?"

"Kinachosema nakusudia kurudi."

Sauti ya Goodluck ilitoka ndogo kama ya mtoto.

"Hapana, Mama. Hicho walikikubali."